Dawa nyekundu ya saratani: Usiogope rangi, ogopa homa



Ndugu msomaji, katika kazi hii ya uafisa tabibu nimeona wagonjwa wakiacha matibabu ya saratani kwa sababu ya rangi tu. Mama anarudi nyumbani kutoka hospitali alikochomwa dawa, anakwenda chooni, anakuta mkojo wake mwekundu kama juisi ya rozela. Anamwita dada yake, dada anamwita shemeji, na kabla ya Magharibi nyumba nzima imeshakubaliana kwamba sindano ile imempasua figo. Tarehe ya kurudi hospitali ikifika, haendi.

Nyumba hiyo hiyo, mgonjwa akipata homa siku kumi au kumi na mbili baada ya sindano, hakuna anayeshtuka. "Malaria hiyo," wanasema. Anatumwa mtoto duka la dawa, zinaletwa dawa mseto na Panadol, mgonjwa anafunikwa shuka na anaambiwa apumzike. Sasa hapo ndipo penye hatari ya kweli. Mkojo mwekundu haukuwa na neno, lakini homa ile inaweza kumuua mgonjwa kabla ya alfajiri. Hofu zetu zimekaa mahali sipo, na ndiyo sababu ya makala haya.

Dawa yenyewe

Dawa ninayoizungumzia inaitwa doksorubisini. Kwenye baadhi ya vichupa utaona jina la Adriamycin. Ni miongoni mwa dawa zilizomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hutumika kwa saratani ya matiti, saratani za tezi na za damu, saratani za misuli na mifupa, na nyinginezo. Hapa Tanzania mgonjwa anaweza kukutana nayo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au katika hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza. Mara nyingi haitolewi peke yake. Kwa saratani ya matiti, kwa mfano, mwenzake wa kawaida ni dawa iitwayo siklofosfamaidi. Mkumbuke mwenzake huyo, nitarudi kwake.

Asili yake ni udongo. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Italia walichukua udongo karibu na ngome ya kale ya Castel del Monte, kusini mwa nchi yao, wakakuta humo kijidudu kinachotengeneza rangi nyekundu inayong'aa. Kutokana na kijidudu hicho na jamaa zake zilipatikana dawa mbili, na ya pili ndiyo hii, iliyopewa jina la bahari ya Adriatic iliyo jirani na eneo lile. Kwa hiyo wekundu wake ni rangi yake ya asili tangu ilipotoka udongoni. Hakuna damu ndani ya bomba lile la sindano, wala hakuna rangi iliyotiwa kiwandani. Wagonjwa wa nchi za Magharibi wameipa jina la shetani mwekundu kwa jinsi inavyowachosha. Sisi tuiite dawa nyekundu, inatosha.

Kazi yake ni hii. Kila chembe hai ya mwili, kabla haijagawanyika kuwa mbili, hunakili maandishi ya urithi yaliyomo ndani yake. Dawa hii hujipenyeza katikati ya nyuzi za maandishi hayo na kuzuia kazi ya kunakili, na chembe iliyoshindwa kunakili hufa. Saratani ni chembe zinazogawanyika bila mpango, kwa hiyo huumia sana. Ila dawa haina macho ya kubagua. Mwilini mna chembe nyingine njema ambazo nazo kwa maumbile yake hugawanyika haraka: mizizi ya nywele, ngozi laini ya mdomo na utumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Nazo hupigwa. Ukilielewa hilo, karibu madhara yote nitakayoyataja hayatakushangaza.

Siku ya sindano

Kabla ya dawa hupimwa damu, na ini huangaliwa, kwa sababu sehemu kubwa ya dawa hii hutoka mwilini kupitia ini na nyongo. Ini likiwa dhaifu, kipimo hupunguzwa. Basi yule anayekunywa mizizi au dawa za kienyeji nyumbani, na aseme. Haulizwi ili aaibishwe. Zipo dawa za miti zinazoumiza ini, na daktari asipojua atapima dozi kwa ini analodhani ni zima. Hata habbat soda, ambayo wengi wetu tunayo kabatini, itajwe kama unaitumia kila siku.

Moyo pia hupimwa, mara nyingi kwa kipimo kiitwacho eko. Kisha mgonjwa hupimwa urefu na uzito, likapatikana eneo la mwili wake kwa mita za mraba, na dozi hufuata eneo hilo. Kiasi cha kawaida kwa saratani ya matiti ni miligramu 60 kwa kila mita moja ya mraba. Mama mwenye mita 1.6 atapata miligramu 96, na jirani yake wa kitanda cha pili atapata kiasi kingine. Msilinganishe mabomba, wala msidhani mmoja kapunjwa.

Dawa huingizwa polepole kwenye mshipa ambao dripu yake inatiririka vizuri. Hapa naomba usikivu wako. Dawa hii ikibaki ndani ya mshipa haina tatizo, lakini ikivuja nje ya mshipa na kuingia kwenye nyama, huiunguza nyama ile hata ikaoza. Mgonjwa akihisi kuchoma, kuuma au kuvimba mahali penye sindano, apaze sauti saa ile ile. Kuna kina mama waliolelewa na adabu ya kuvumilia, anaumia na huku anasema alhamdulillah hawezi kumsumbua nesi. Mama yangu, msumbue.

Wakati mwingine kidonda hujitokeza siku kadhaa baadaye, mgonjwa yuko nyumbani. Na sisi nyumbani tunajua tiba moja ya uvimbe: kukanda kwa maji ya moto na kusugua dawa ya misuli. Kwa dawa hii hapana. Msikande kwa moto, msisugue. Wekeni kitambaa chenye ubaridi, inueni mkono, na mrudi hospitali siku hiyo hiyo.

Na kwa ajili ya mikono hiyo hiyo nasema neno juu ya piko. Bibi harusi au shangazi wa bibi harusi aliye kwenye matibabu asipakwe piko. Ile ni dawa ya nywele yenye kemikali kali, inaweza kubabua ngozi, na michoro yake huzuia wauguzi kuona mshipa na kuona kama ngozi inabadilika.

Mkojo mwekundu, na mambo ya chooni

Mkojo huwa mwekundu au wa rangi ya chungwa kwa siku moja hadi mbili baada ya sindano. Ni rangi ya dawa inayotoka, na tena ni sehemu yake ndogo tu. Maji mengi ya kunywa husaidia. Kwa upande wa ibada, rangi hiyo haibadilishi kitu: ni mkojo, unastanji kwa maji kama kawaida, unatawadha na kuswali. Mwanamke asiuchukulie kuwa ni hedhi akaacha swala. Ajue pia kuwa hedhi yenyewe inaweza kuvurugika au kusimama katika kipindi cha matibabu, na akipata shaka juu ya hesabu ya siku zake amuulize sheikh wake.

Lakini sikukuambia uidharau kila rangi nyekundu. Yule mwenzake, siklofosfamaidi, anaweza kuunguza kibofu kikatoa damu ya kweli. Tofauti ni hizi: wekundu wa dawa huisha ndani ya siku mbili na hauumi. Ukipita siku mbili, au ukiambatana na maumivu wakati wa kukojoa, au ukaona mabonge, hiyo si rangi tena. Nenda hospitali.

Anayemhudumia mgonjwa naye ana lake la kujua. Mkojo, choo kikubwa na matapishi ya siku za mwanzo vina mabaki ya dawa. Siku mbili za mwanzo ndizo nzito zaidi, na maelekezo ya dawa hii yanataka tahadhari iendelee hadi siku 5. Anayesafisha avae glovu, na akikosa glovu avae mifuko safi ya plastiki mikononi, kisha anawe kwa sabuni. Choo cha kuvuta maji kivutwe mara mbili kikiwa kimefunikwa. Cha shimo kimwagiwe maji mengi na kifunikwe. Mwanamume mgonjwa akojoe ameketi au amechutama ili asirushe matone, jambo ambalo kwetu si geni. Shuka na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Mjamzito asipewe kazi hizi.

Baada ya kusema hayo, naogopa nisije nikamfanya mgonjwa akatengwa. Saratani haiambukizi, na jasho la kupeana mkono halimdhuru mtu. Mkumbatie mama yako, kaa naye, mpe mtoto wake ampakate. Kula naye sinia moja hakukudhuru wewe. Utakapotenga sahani yake, iwe ni kwa ajili ya kumlinda yeye, katika siku ninazozieleza sasa.

Homa si malaria mpaka ipimwe, na hata ikipimwa

Dawa hii hupiga uboho, na chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hupungua. Hazipungui siku ya sindano. Mgonjwa anaweza kutembea vizuri wiki nzima ya kwanza, kichefuchefu kikaisha, nyumba ikapumua. Kisha kati ya siku ya 10 na ya 14 askari wanakuwa wachache kuliko wakati wowote, na hupanda tena hadi kukaribia siku ya 21. Ndiyo maana sindano hupangwa kila baada ya wiki tatu. Kwa mfano, mgonjwa akichomwa Jumatatu, nawe ukaihesabu Jumatatu hiyo kuwa siku ya kwanza, basi siku za kukaa macho ni kuanzia Jumatano hadi Jumapili ya wiki inayofuata. Ziwekeni alama kwenye kalenda ya ukutani, ile ile yenye nyakati za swala. Ila msilale katika siku nyingine pia, kwa kuwa miili haifanani.

Katika siku hizo vijidudu ambavyo kwa kawaida hukaa mdomoni na tumboni mwetu bila ugomvi vinaweza kuingia kwenye damu. Mwili usio na askari haupigani, kwa hiyo hutaona usaha wala uvimbe. Utaona homa peke yake, na pengine baridi na kutetemeka. Kwa mtu wa kwetu picha hiyo ni malaria, hana haja ya kuuliza. Akimeza Panadol homa inashuka, familia inafurahi, na vijidudu vinaendelea kuzaliana. Saa chache baadaye presha inaanguka.

Kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii iwe na kipimajoto. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, mgonjwa apelekwe hospitali muda huo huo, iwe ni saa nane za usiku au katikati ya hotuba ya Ijumaa. Msimpe Panadol kwanza "tuone itakavyokuwa". Akitetemeka kwa baridi hata kama kipimajoto hakijafika 38, nendeni vile vile. Mkifika mapokezi, sentensi ya kwanza iwe: "Huyu anachomwa dawa za saratani, sindano ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, na ana homa." Msianze na habari ya safari wala ya ndugu aliye nje ya nchi. Mgonjwa huyu hatakiwi kukaa kwenye benchi. Anatakiwa kuanza antibiotiki za mshipa ndani ya saa moja tangu afike.

Kipimo cha malaria kifanyike, hilo silikatai, kwani malaria nayo ipo. Lakini majibu yakionyesha malaria, bado hesabu ya chembechembe nyeupe itakiwe, maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Na wala asiingiziwe dawa wala bomba la enema kwa njia ya haja kubwa, kwa kuwa mchubuko mdogo pale ni mlango wa vijidudu.

Kinga ya siku hizo ni mambo ambayo tumefundishwa tangu madrasa: usafi. Udhu mara tano ni msaada mkubwa, ongezeni sabuni. Maji ya kunywa yachemshwe, na haya yanahusu pia maji ya kusomewa dua na kombe. Sina ugomvi na anayetaka kumsomea mgonjwa wake, ila maji yachemshwe na kupoa kwanza, ndipo yasomewe. Matunda yaoshwe na kumenywa, kachumbari na mayai mabichi yasubiri, chakula kilicholala kisipashwe kwa ajili yake. Wanaokuja kumjulia hali wana ujira wao kwa Allah, lakini mwenye mafua au kikohozi atume salamu kwa simu. Na mwanamume aliyezoea safu ya kwanza msikitini aswali nyumbani siku hizo kwa udhuru wa maradhi.

Mdomo huota vidonda. Asukutue mara kadhaa kwa siku maji yaliyochemshwa yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa bilauri moja, na aache pilipili na ndimu kwa muda. Mswaki wa mti ni sunna tunayoipenda, lakini fizi za mgonjwa huyu hutoka damu upesi, kwani chembechembe za kugandisha damu nazo hupungua. Atumie brashi laini mpaka mdomo upone.

Wakati mwingine mgonjwa hufika siku ya 21, akapimwa damu, akaambiwa arudi baada ya wiki. Nauli imekwenda, na mtu aliyetoka Mtwara au Kondoa hukasirika. Hakunyimwa dawa. Askari wake hawajarudi, na kumchoma siku hiyo ni kumtupa.

Nywele, saumu, na mengineyo

Nywele huanza kuanguka wiki ya pili au ya tatu, nyusi na kope pia zinaweza kwenda. Huota tena, kwa kawaida miezi miwili au mitatu baada ya matibabu kuisha. Kucha, viganja na ulimi vinaweza kuwa vyeusi, na kwa ngozi zetu huonekana sana, si uchawi. Kichefuchefu kina dawa nzuri siku hizi, aliyepewa azimeze kwa saa zake hata kama hajaanza kutapika.

Kuhusu saumu, mgonjwa amepewa ruhusa ndani ya Qur'an yenyewe, Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Mtu anayehitaji maji mengi, anayetapika, aliye katika siku za askari wachache, ruhusa hiyo ni yake. Nimewaona wanaofunga kwa kuona haya watoto wasije wakawaona wanakula. Suala la kulipa au kutoa fidia litazungumzwa na wanazuoni kulingana na hali ya ugonjwa.

Mimba isishikwe wakati wa matibabu na angalau miezi 6 baada ya dozi ya mwisho. Mgonjwa akiwa ni mume, muda huo hauwi chini ya miezi 3. Mama asinyonyeshe katika kipindi cha dawa. Siku za mwanzo baada ya sindano wanandoa watumie kondomu. Aliyepanga Hijja au Umra amwambie daktari mapema, kwa sababu chanjo ya homa ya manjano ni chanjo hai na haimfai mtu aliye kwenye dawa hizi.

Moyo, na hesabu ya miligramu

Nimeuacha moyo mwisho kwa sababu wenyewe huja mwisho. Dawa hii inaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na madhara hayo hufuata jumla ya dawa yote ambayo mtu amewahi kupata tangu azaliwe. Jumla hiyo haifutiki mtu akipumzika, wala akihama mkoa. Madaktari wengi hawapendi ipite miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba. Mama wa saratani ya matiti anayepata mizunguko minne ya 60 anamaliza na 240, yuko mbali na mpaka. Lakini saratani ikirudi baada ya miaka mitano, na akaenda hospitali nyingine, daktari mpya ataanza kuhesabu kutoka wapi kama karatasi zimepotea? Wazee, watoto, wenye presha na waliopigwa mionzi kifuani hupewa mpaka wa chini zaidi.

Dalili za moyo kuchoka ni kuvimba miguu, kuhema unapopanda ngazi ulizozizoea, kushindwa kulala bila kuinua mito, na moyo kwenda mbio. Zinaweza kutokea katika matibabu, na zinaweza kutokea miaka mingi baadaye. Binti aliyetibiwa akiwa na umri wa miaka 9 atakuja kuwa mjamzito akiwa na 25, na mkunga wa kliniki hatajua lolote asipoambiwa.

Kwa hiyo nunua daftari dogo. Kila ukitoka kwenye sindano, muombe nesi au daktari akuandikie jina la dawa, tarehe, na miligramu ulizopata siku ile, pamoja na jumla mpaka hapo. Likae na cheti cha kuzaliwa na hati ya nyumba, si kwenye droo ya jikoni, na mtu mwingine mmoja nyumbani ajue lilipo.